Kola ya Mbwa: Je, Inalinda au Inaumiza?



Karibu kila boma huku kwetu Kabati lina mbwa. Ndiye askari wa usiku na rafiki wa mchunga mbuzi. Lakini tukitembelea vikundi tunaona mbwa wengi wamefungwa shingoni kwa waya au kamba nyembamba. Hebu tuelewe ubaya uko wapi.

Mbwa akivuta, nguvu yote hukaa mahali pamoja pembamba. Ngozi hukatika, nzi hutaga mayai, funza huingia. Mbwa mwenye maumivu aweza kuuma hata mtoto wa nyumbani. Kamba ya mkonge nayo huoza kwa mvua na jua, tena mbwa huitafuna. Siku itakayokatika, mgeni yuko mlangoni!

Kola nzuri ni hii:

1. Iwe ya ngozi au turubai, pana kama vidole viwili. Fundi wa viatu anaweza kuishona.
2. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Ikilegea sana mbwa atachomoka. Ikibana atakosa pumzi.
3. Ikaguliwe kila wiki. Mtoto wa mbwa hukua upesi, lakini kola haikui.

Wengine huuliza juu ya kola za umeme za kufundishia mbwa. Hizo humchoma mbwa shingoni mwenye mbwa akibonyeza kifaa. Shida ni kwamba mbwa hajui maumivu yametoka wapi. Kama wakati huo anamtazama mtoto, atadhani mtoto ndiye aliyemuumiza, na kesho atamrukia. Betri ikiisha, kola haina kazi. Huko Wales zilipigwa marufuku mwaka 2010. Mbwa hufundishika vizuri kwa kipande cha ugali na maneno yale yale kila siku.

Jambo kubwa zaidi: kola si chanjo. Mbwa aliyefungwa vizuri bado aweza kupata kichaa akiumwa na mbwa mwingine. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Kitui na Makueni zilikuwa kati ya kaunti za kwanza. Ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 katika kila 100 wanapaswa kuchanjwa kila mwaka. Hapo ndipo kola inasaidia: mbwa aliyezoea kola na kamba hushikika kwa urahisi siku ya sindano.

Mtu akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

- Mbwa wetu ni wangapi, na waliochanjwa mwaka huu ni wangapi?
- Nani atamwona afisa wa mifugo ili tupange siku moja ya kijiji kizima?
- Je, tunaweza kuchanga na kumpa fundi wetu kazi ya kutushonea kola?