Kontroli tekniki ya gari: faida ya mwenye gari ao makuta ya bure?



Kuna swali moja ambalo wenye gari wa hapa kwetu Uvira wanaliuliza kila mara karatasi ya kontroli tekniki inapoisha muda: hii kitu inatusaidia nini? Unalipa, unapewa karatasi, unaiweka pamoja na kartirozi, vinyeti na asiransi, halafu unangojea tu polisi wa rulaji akuombe. Wengi wanasema ni kodi nyingine yenye jina zuri.

Mimi si fundi wa gari, nimesoma agronomia. Lakini swali hili limenikaa kichwani tangu siku moja kwenye mteremko wa Ngomo, ndiyo maana nimejaribu kulisoma vizuri. Jibu nililopata ni hili: kontroli ina faida kwa mwenye gari, ikiwa gari imepimwa kweli. Karatasi bila kipimo haina faida yoyote, na inaweza hata kuongeza hatari. Nieleze hatua kwa hatua.

Siku ya Ngomo

Mujomba wangu ana Probox. Siku hiyo tulikuwa tunatoka Bukavu, watu watano na mizigo juu. Kabla ya kuondoka nilimuuliza kama gari iko sawa. Akacheka: «We mutoto, iyi gari iko na karatasi yote!» Ilikuwa kweli. Kontroli tekniki haikuwa na hata miezi mitatu.

Katikati ya mteremko, pedali ya freni ikaanza kulainika, kisha ikaenda paka chini. Mujomba alirudisha vitesi ya kwanza na kuisukuma gari kwenye ukingo wa mlima, upande ule usio na bonde. Tulitoka na michubuko. Mama mmoja alivunjika mkono. Fundi alipofungua magurudumu, plakete zilikuwa zimekwisha paka chuma, na mafuta ya freni yalikuwa meusi kama kahawa. Nikamuuliza mujomba: wakati wa kontroli, nani aliangalia chini ya gari? Akanyamaza kidogo, akasema: «Gari haikufika kule. Nilituma karatasi tu.»

Sikuandika haya ili kumlaumu mujomba wala ofisi yoyote. Nimeandika kwa sababu ile karatasi ndiyo iliyotupa moyo wa kupanda. Bila karatasi, pengine mmoja wetu angesema tuangalie freni kwanza.

Kontroli ya kweli inaangalia nini?

Sheria yetu ya barabara, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, inadai gari inayotembea iwe katika hali nzuri. Kontroli tekniki ndiyo njia ya kuhakikisha hilo. Ikifanywa vizuri, gari inapandishwa juu ya shimo ao kwenye mashine, na mtu anaangalia vitu ambavyo dereva havioni kila siku: nguvu ya freni kila gurudumu, kushoto na kulia kama zinalingana, rotili na usukani, amotisere, mipira, taa, mikanda, kutu kwenye chuma kinachobeba gari, na moshi.

Freni ni mfano mzuri. Bukavu iko karibu metre 1 500 juu ya bahari, ziwa letu la Tanganyika liko karibu metre 770. Ukishuka, nguvu yote ile ya uzito inabidi iende mahali fulani. Kama dereva anakanyaga freni muda wote badala ya kutumia vitesi ndogo, nguvu hiyo inageuka joto kwenye freni. Mafuta ya freni nayo yana tabia moja: yanavuta maji kutoka hewani polepole. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa kwenye puto. Ndiyo maana pedali inakwenda chini na gari haisimami. Hakuna uchawi hapo.

Magari yetu yametoka kwenye kontroli ya wengine

Angalieni vioo vya magari mengi ya hapa mjini, mutaona bado kuna karatasi ndogo za Kijapani. Zina historia yake. Japani wana kontroli inayoitwa shaken. Gari mpya ya mtu binafsi inapimwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ni kali na ni ya bei, kwa sababu inakwenda pamoja na kodi, asiransi na matengenezo. Gari ikianza kuzeeka, wengi wanaona afadhali waiuze kuliko kulipia shaken nyingine. Gari hiyo inapanda meli, inafika Dar es Salaam, kisha inakuja paka kwetu.

Si Japani peke yake. Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti: kati ya 2015 na 2018, gari ndogo milioni 14 zilizotumika ziliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na karibu asilimia 40 zilikuja Afrika. Maana yake, kontroli ya wenzetu inasafisha barabara zao, na gari inayokwepa kontroli huko inaanza maisha ya pili huku, mahali ambapo kontroli ni dhaifu. Kama kuna watu duniani wanaohitaji kupima gari, ni sisi.

Na kuna makosa yanayokuja na gari tangu Japani. Kule wanaendesha kushoto, sisi kulia. Taa za mbele za gari ya Japani zimetengenezwa kurusha mwanga zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara yao. Hapa kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ndiyo maana usiku kwenye barabara ya Sange ao ya Makobola unapofushwa hata na mtu aliyepunguza taa. Angalia pia taksi-bisi: mlango wa abiria uko kushoto, kwa hiyo kwetu mama mwenye mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara. Kontroli ya kweli ingegusa mambo haya, si kuhesabu karatasi.

Lakini je, kontroli inapunguza ajali kweli?

Hapa lazima tuseme ukweli wote, hata ule usiotupendeza. Uingereza walianza kontroli yao ya lazima mwaka 1960, kwa gari zilizofikisha miaka 10, wakipima freni, taa na usukani. Baadaye wakaishusha paka gari ya miaka 3. Nchi nyingi zikafuata. Lakini watafiti walipotafuta faida kwa hesabu, hawakuipata kirahisi. Huko Norvege, Christensen na Elvik walichapisha utafiti mwaka 2007. Waliona kwamba gari yenye makosa ya kiufundi ina hatari zaidi ya ajali, na kwamba kontroli inapunguza makosa hayo. Hata hivyo hawakuona ajali zikipungua kwa sababu ya kontroli.

Marekani pia, jimbo la New Jersey lilifuta upande wa kiufundi wa kontroli kwa gari ndogo mwaka 2010. Texas nayo imeacha kontroli ya usalama kwa gari zisizo za biashara tangu tarehe 1 Januari 2025. Wanaopinga wanasema: dereva mlevi, mwendo wa kasi na simu mkononi vinaua kuliko freni mbovu.

Sasa mutu atasema: basi na sisi tufute! Ngojeni kwanza. Huko, gari nyingi ni mpya zaidi, barabara ni za lami, piesi ni za kweli, na mwenye gari anaipeleka garaji hata bila kulazimishwa. Kontroli inamkuta ameshatengeneza. Ni kama kugawa dawa ya malaria kwa watu wanaolala kwenye baridi kali ambako mbu hawapo: utasema dawa haifanyi kazi. Huku kwetu gari ina miaka 20 na zaidi, inabeba mara mbili ya uzito wake, inapita kwenye mashimo na vijito, na mipira inanunuliwa ikiwa tayari imetumika kwingine. Matokeo ya Norvege hayawezi kuhamishwa huku kama mzigo.

Afadhali tuangalie jirani. Wengi wetu tukienda Bukavu tunapitia Rwanda, kwa Bugarama. Kule kontroli inafanywa na polisi ya taifa kwa mashine, kituo kikubwa kiko Remera, Kigali. Gari ya mtu binafsi inapimwa mara moja kwa mwaka, gari ya kubeba abiria kila miezi 6. Kipimo kikikataa, unarudi kutengeneza. Si kwamba Wanyarwanda hawapati ajali. Lakini mwenye gari anajua kwamba makuta yake yamenunua kipimo.

Faida iko wapi kwa mwenye gari?

Tuache sheria, tuongee makuta. Plakete ikibadilishwa mapema, unalipa plakete. Ukingoja paka chuma kigusane na chuma, unalipa plakete na diski. Rotili inayocheza ikionekana kwenye shimo la kontroli, unabadilisha rotili. Ikikatika barabarani, gurudumu linalala na gari inaingia kwenye mtaro pamoja na abiria. Sisi wa agronomia tunaona upande mwingine tena: roli ikikufa kati ya Luvungi na Uvira ikiwa imebeba nyanya za Ruzizi, hasara si ya mwenye roli peke yake. Ni ya mkulima na ya mama wa soko pia.

Lakini kontroli ina mipaka. Inasema gari ilikuwa namna gani siku ile, haisemi itakuwaje baada ya miezi 6. Haipimi dereva, haipimi mzigo utakaopakiwa kesho, haitengenezi barabara. Sote tunakumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010: roli ya mafuta ilipinduka, mafuta yakamwagika kati ya nyumba, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakafa. Msiba wa namna ile hauzuiliwi na karatasi ya kontroli peke yake. Unahitaji barabara, zimamoto, na watu kujua kwamba mafuta yaliyomwagika hayachotwi.

Mbegu na etiketi yake

Nilipokuwa ninasoma, tulifundishwa kitu kimoja kuhusu mbegu. Mfuko unaweza kuwa na etiketi ya SENASEM, lakini kinachofanya mbegu iaminike ni kipimo kilichofanywa kabla ya etiketi: unachukua mbegu 100, unaziotesha, unahesabu ngapi zimeota. Etiketi iliyobandikwa bila kuhesabu ni uongo, na mkulima atajua baada ya mvua, wakati msimu umeshapotea. Karatasi ya kontroli ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mbegu mbaya inakula msimu, freni mbaya inakula watu.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wanaosema tufute, wala wa wanaosema tulipe tu na tunyamaze. Nadhani wasomi wa hapa tudai mambo matatu. Kwanza, hakuna karatasi bila gari kufika. Pili, karatasi ionyeshe vipimo: freni ya kushoto ngapi, ya kulia ngapi, mipira iko namna gani. Tatu, tuanze na taksi, bisi na maroli, mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba watu wengi.

Wakati tunangoja, mwenye gari asingoje. Mambo haya unaweza kuyafanya mwenyewe ao na fundi wako:

– Kanyaga freni gari ikiwa imesimama na moto umewaka, shikilia kwa dakika moja. Pedali ikishuka polepole, usitoke.
– Uliza fundi mafuta ya freni yalibadilishwa lini. Hata kontroli nyingi nzuri hazipimi maji yaliyo ndani yake. Miaka 2 inatosha.
– Soma mpira. Pembeni kuna herufi DOT na mwishoni namba nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unaweza kuonekana mpya na kumbe umezeeka.
– Peleka gari mbele ya ukuta usiku, uone taa inapanda upande gani. Ikipanda kushoto, tafuta namna ya kuirekebisha.
– Kabla ya Ngomo, ingiza vitesi ndogo juu, si katikati ya mteremko.

Na sisi tusio na gari, ambao ndio wengi, tuna haki ya kuuliza. Ukipanda, usimuulize shofere kama ana karatasi. Muulize: freni ziliangaliwa lini, na nani aliziangalia? Mujomba wangu sasa analijibu swali hilo bila kucheka. Kila mwezi anaingia chini ya Probox mwenyewe, kabla hata sijamuuliza.