Tembea Leo, Tembea na Kesho

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, vyoo na vyandarua. Leo tuzungumze juu ya kazi ya mwili wenyewe. Mwili wa binadamu unataka kutembea, kuinama, kubeba na kusukuma. Usipofanya hivyo hudhoofika polepole, kama jembe lililoachwa nje kwenye mvua likashika kutu.

Huenda utasema, "Mazoezi ni ya watu wa mjini na wacheza mpira. Sisi ni wakulima." Neno hilo lina ukweli. Anayelima kwa jembe la mkono anafanya zoezi kubwa. Mama anayelima asubuhi, akachota maji, akapasua kuni na kutwanga, hana haja ya kuongezewa mbio. Ana haja ya kusaidiwa kazi ili apumzike.

Lakini tutazame vijiji vyetu vizuri. Yuko mwenye duka anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi usiku. Yuko fundi cherehani. Yuko kijana wa bodaboda. Yuko mzee ambaye shamba lake sasa linalimwa na wanawe. Safari ya gulioni ambayo zamani ilikuwa ya miguu, leo ni ya pikipiki. Hata mkulima hodari, mavuno yakiisha, hukaa miezi kadhaa bila kazi nzito. Hapo ndipo maradhi hupata nafasi.

MARADHI YASIYOPIGA HODI

Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, mara nyingi haliumi. Mtu hulala vizuri, hula vizuri, na huku damu inasukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Siku moja mshipa wa kichwani hupasuka au kuziba. Hicho ndicho kiharusi. Mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, na mdomo hupinda. Watu husema karogwa, kumbe presha ilikuwepo miaka mingi.

Kisukari nacho huanza kimya kimya. Sukari huzidi katika damu na kuharibu macho, figo na mishipa ya miguu.

Mazoezi hayaondoi hatari yote, lakini huipunguza. Mtu mwenye presha akifanya mazoezi mfululizo, presha yake hushuka kiasi. Dawa alizopewa aendelee nazo. Asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Mganga wa zahanati ndiye atakayempima na kuamua.

MADEREVA NA MAKONDAKTA

Faida hii ilionekana wazi katika mabasi ya London, Uingereza. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kiti chake karibu saa zote za kazi. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza walichokiona: makondakta waliugua ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Basi lilikuwa lile lile na mji ule ule. Mmoja alikaa, mwingine alitembea.

KWA NINI MARA KWA MARA?

Wako watu wanaoanza kwa kishindo. Jumapili moja hukimbia mpaka wakatapika, kisha hukaa mwezi mzima wakisema miguu inauma. Hiyo haisaidii.

Sababu ni hii. Misuli ikifanya kazi huchota sukari kutoka katika damu. Baada ya zoezi huendelea kuipokea sukari vizuri zaidi kwa siku moja mpaka tatu. Kisha hali hiyo huisha. Kwa hiyo waganga huwashauri watu wenye kisukari wasipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi. Zoezi haliwekwi akiba kama mahindi ghalani. Lifanane na chakula: kidogo, kila siku.

KIASI GANI KINATOSHA?

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Mtu mzima afanye kazi ya mwili ya wastani kwa dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Tupige hesabu: dakika 30 kwa siku, mara siku 5, ni dakika 150. Kulima, kuendesha baiskeli, kutembea kwa haraka na kucheza ngoma, vyote vinahesabiwa.

Utajuaje kuwa ni ya wastani? Ukitembea, uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Pamoja na hayo, siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu. Kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 10. Weka mikono ukutani, usogee karibu na ukuta kisha ujisukume, mara 10. Wazee wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya kujiweza wasianguke, siku tatu kwa wiki. Mzee asimame kwa mguu mmoja karibu na nguzo, tayari kuishika, kisha abadilishe mguu.

ANZA KIDOGO, USIACHE

Kuanza si kazi. Kazi ni kuendelea. Haya yatakusaidia:

1. Anza na dakika 10. Wiki ya pili fanya dakika 15, ya tatu 20, ya nne 25, na ya tano 30. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Funga zoezi kwenye jambo unalolifanya kila siku. Ukishawafungulia kuku, tembea. Ukishasali alfajiri, tembea. Mwenye duka atembee kabla ya kufungua mlango, maana wateja wakishafika hataondoka tena. Wakati wa Ramadhani, anayefunga anaweza kutembea jioni baada ya kufuturu.

3. Tafuta mwenzako. Asubuhi ya baridi ni rahisi kujidanganya mwenyewe. Ni vigumu kumdanganya jirani anayegonga mlango.

4. Andika. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika siku na dakika ulizofanya. Mwisho wa wiki jumlisha. Ukiona 150, umefika. Ukiona 90, unajua palipopungua.

5. Mvua isiwe sababu. Siku ya mvua fanya mazoezi ya kiti na ya ukuta ndani ya nyumba.

6. Usiogope kuchekwa. Kijijini kwetu ukitembea bila mzigo utaulizwa, "Unakwenda wapi?" Jibu, "Naifuata afya yangu. Karibu twende."

SIKU UKIKOSA

Msiba utatokea. Utaugua malaria. Utasafiri. Siku hizo utakosa, na si kosa. Kosa ni kusema, "Basi, nimeshaharibu, naacha."

Mwaka 2009 watafiti wa London walitangaza habari za watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya. Baadhi yao walichagua mazoezi. Ilichukua kama siku 66 kwa kawaida mpaka jambo lifanyike lenyewe bila mtu kujilazimisha. Wengine walihitaji siku chache zaidi, wengine miezi mingi. Na aliyekosa siku moja hakurudi nyuma. Aliendelea siku iliyofuata, na zoea likakua.

Siku 66 ni miezi miwili na siku chache. Ukipanda maharage siku unayoanza kutembea, yatakuwa yamekwisha toa maua na kufunga maganda. Huyang'oi maharage kwa sababu siku moja hukupalilia. Zoezi nalo usiling'oe.

Ukitoka katika ugonjwa, rudi na nusu ya dakika zako za zamani, kisha ongeza polepole.

TAHADHARI

Kama una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, pita kwanza zahanati upimwe na kushauriwa. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kukosa pumzi kupita kawaida ni dalili za hatari. Ukiziona, simama mara moja na uende kutibiwa.

Mwenye kisukari anayetumia dawa asitembee na njaa. Achukue kitu kitamu mfukoni. Akiona anatetemeka na kutoka jasho la baridi, ale upesi. Avae viatu vinavyomtosha, na jioni akague nyayo zake. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, mtu akakanyaga mwiba bila kujua. Kidonda kidogo kikiachwa huweza kumkatisha mguu.

TUFANYE PAMOJA

Nchini Tanzania, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu na kujadiliana. Kisha walitoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mtu mmoja mmoja angechoka. Kikundi kilimshika mkono.

Njia hiyo inafaa na leo. Kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, au darasa la watu wazima kinaweza kukubaliana siku na saa ya kutembea pamoja. Anayekosa mara mbili atembelewe nyumbani. Huenda anaumwa. Huenda amekata tamaa. Kwa vyovyote atafurahi kuona hakusahauliwa.

Ndugu msomaji, usingoje mwezi mpya. Usingoje viatu vipya vya michezo, kama ulivyo navyo havikubani. Kesho asubuhi, dakika 10.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani katika kijiji chetu wanaokaa muda mrefu bila kazi ya mwili? Tuwasaidieje?
2. Mara ya mwisho presha yako ilipimwa lini? Zahanati hupima siku gani?
3. Baada ya mavuno, kikundi chetu kitafanya zoezi gani, saa ngapi, na nani atatunza daftari?