Asilimia 26 ya Nini?

WAPITAO katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nyeri huijua Kenol kwa nyama choma, kwa njia panda ya kuelekea Murang'a, na kwa jina lake ambalo mji uliazima kutoka kwa kituo cha mafuta. Sisi tunaofundisha hapa twaijua pia kwa joto lake. Kenol si Nyeri. Huku chini, si mbali na mashamba ya mananasi, jua la saa nane mchana huwaka mwezi wa Februari kana kwamba lina ugomvi na mabati ya madarasa yetu. Kwa hiyo mwenzangu mmoja, mwalimu wa hisabati mwenye umri wa miaka 51, alipoanza kujifuta jasho kwa leso katikati ya somo, hakuna aliyeshangaa. Tulishangaa ulipofika mwezi wa Julai, wakati wa baridi na manyunyu, naye angali akifungua madirisha huku wanafunzi wakijikunyata ndani ya sweta zao.

Wanafunzi, kwa ule ukatili wao usio na nia mbaya, wakampa jina la Jua Kali. Alilisikia, akanyamaza. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika muhula huo huo alikuwa ameandika barua ya kuomba kustaafu mapema, akaificha katika droo chini ya karatasi za mtihani.

Kiswahili sanifu hukiita kipindi hicho ukomohedhi. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekifikia atimizapo miezi 12 mfululizo bila ya kuona hedhi, aghalabu kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ovari huwa zimepunguza mno utengenezaji wa homoni ya estrojeni, na ubongo ulioizoea homoni hiyo kwa zaidi ya miaka 30 hukosa shabaha katika kudhibiti joto la mwili. Ndipo huja mafukuto: moto huanzia kifuani, ukapanda shingoni na usoni, jasho likatiririka, kisha baridi ikafuata. Usiku shuka hulowa na usingizi hukatika. Wapo wasioona lolote, na wapo wateswao kwa miaka saba na zaidi. Mifupa nayo huanza kupoteza uzito wake kimya kimya, na habari zake husikika miaka mingi baadaye, bibi anapoteleza shambani na kuvunjika nyonga.

Ajabu ni kwamba nchi hii imekwisha kujifunza kuzungumza juu ya mwanzo wa hedhi. Mwaka 2004 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika sodo. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bila malipo. Leo mwalimu wa kiume husimama gwarideni akayataja hayo bila ya kumeza mate. Lakini kuhusu mwisho wa hedhi, kimya. Aliyesoma baiolojia ya kidato cha tatu katika mfumo wa 8-4-4 atakutajia estrojeni na projesteroni, na kukuchorea mzunguko wa siku 28 bila ya kukosea. Muulize huyo huyo mama yake anapitia nini usiku, atakutazama tu.

Wala tusiwasingizie wahenga. Katika mila za Agikuyu, mama ambaye watoto wake walikwisha kuingia jandoni alipanda daraja akaitwa nyakinyua, na zilikuwapo kazi za kimila ambazo hazikufanywa ila na mwanamke aliyeacha kuzaa. Umri ule ulikuwa na jina na kiti chake. Sisi tumekiondoa kiti tukabakiza kimya.

Mwenzangu alikwenda kwa daktari. Akapimwa shinikizo la damu, akaulizwa maswali mengi, kisha akaelezwa kwamba ipo tiba ya kurudishia mwili homoni, na kwamba uamuzi ni wake. Alirudi kwenye chumba cha walimu akiwa na woga kuliko alivyokwenda. "Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "si hizo ndizo homoni ziletazo saratani?"

Swali hilo lina historia, na yafaa tuipitie. Mwaka 1942 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho Premarin, ambacho estrojeni yake hutolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba. Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu kilichoitwa Feminine Forever, akidai kwamba ukomohedhi ni upungufu unaostahili kutibiwa, na kwamba dawa hiyo ingemhifadhia mwanamke ujana wake. Baadaye ilidhihirika kwamba wakfu wake ulikuwa ukipokea fedha za watengenezaji wa dawa. Mamilioni ya wanawake wakaimeza. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza saratani ya ukuta wa mji wa uzazi. Tangu hapo, mwanamke ambaye bado anao mji wa uzazi huongezewa homoni ya pili, projesteroni au dawa ya jamii yake, ili kuukinga ukuta huo.

Kisha kikaja kishindo cha Julai mwaka 2002. Watafiti wa Marekani waliokuwa wakiendesha uchunguzi mkubwa uitwao Women's Health Initiative walisitisha sehemu moja ya kazi yao kabla ya wakati uliopangwa. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa katika makundi mawili, moja likimeza homoni zote mbili, jingine likimeza vidonge visivyo na dawa. Ikaonekana kwamba saratani ya matiti iliongezeka kwa asilimia 26 miongoni mwa waliomeza homoni. Asilimia hiyo ikazunguka dunia. Wanawake wakatupa vidonge vyao na madaktari wakaogopa kuviandika. Nasi huku, ambao wengi wetu hatukuwa tumeiona dawa hiyo hata kwa macho, tukapokea hofu yake.

Nilipomsimulia mwenzangu habari hizi, hakuuliza juu ya farasi wala juu ya Wilson. Aliuliza swali la mwalimu wa hisabati: "Asilimia 26 ya nini?"

Naam, ya nini? Tuligeuza karatasi ya alama tukaandika nyuma yake. Miongoni mwa wanawake 10,000 waliomeza vidonge visivyo na dawa, takriban 30 walipatikana na saratani ya matiti kwa mwaka. Miongoni mwa 10,000 waliomeza homoni, 38. Tofauti ni wanawake wanane. Kiharusi kilitoka 21 kikafika 29. Damu kuganda mapafuni, kutoka 8 hadi 16. Maradhi ya moyo, kutoka 30 hadi 37. Kwa upande wa pili wa mizani, waliovunjika nyonga walipungua kutoka 15 hadi 10, na saratani ya utumbo mpana ikashuka kutoka 16 hadi 10. Mwenzangu alizitazama tarakimu hizo kwa muda mrefu. Akasema kwamba kwa miaka 25 amewafundisha watoto kwamba asilimia bila ya msingi wake ni kelele tupu, na kwamba hakujua hata siku moja kuwa somo hilo lilimhusu yeye.

Naomba nisieleweke vibaya. Wanane si sifuri. Kila mmoja wao ni mama wa mtu, na hatari huzidi kadiri miaka ya kutumia homoni inavyoongezeka. Lakini mtu aliyeambiwa wanane katika elfu kumi na mtu aliyeambiwa asilimia 26 hawalali usingizi mmoja, ijapokuwa wameambiwa jambo lile lile.

Liko na la umri. Wanawake wa uchunguzi ule walikuwa na umri wa kati ya miaka 50 na 79, wastani wao ukiwa 63, na swali kuu lilikuwa kama homoni zitawakinga na maradhi ya moyo. Hawakuchaguliwa kwa sababu ya mafukuto. Wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma. Ni kama kuihukumu mbegu iliyopandwa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi madhara ikiwa mafukuto yanamsumbua kweli. Imejulikana pia kwamba estrojeni ya kibandiko au ya jeli, ipitayo katika ngozi, haiongezi kuganda kwa damu kama ile ya kumeza. Novemba mwaka 2025 Marekani ilitangaza kwamba itaanza kuliondoa lile onyo kali lililobandikwa katika dawa hizi baada ya mwaka 2002, isipokuwa onyo la saratani ya mji wa uzazi kwa estrojeni itumiwayo peke yake.

Ni kweli kwamba wanawake wote wa uchunguzi ule waliishi Marekani, na mtu anaweza kuuliza una uzito gani kwa mama wa Murang'a. Una uzito, ila usituzuie kutazama ya kwetu. Watu wengi huku wana shinikizo la damu wasilolijua, na mashine ya kupiga picha ya matiti haipo katika kila kituo cha afya. Ushauri wa dawa hii usiotanguliwa na vipimo si ushauri. Na wapo ambao hawapaswi kabisa kupewa: aliyepata kuugua saratani ya matiti, aliyepigwa na kiharusi, aliyegandwa na damu, mwenye ini lililodhoofika, na anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijajulikana. Hao wanazo njia nyingine, ikiwamo, kwa baadhi yao tu wala si kwa mwenye ini lililodhoofika, dawa isiyo ya homoni iitwayo fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, japo kuidhinishwa kule si kufika Kenol.

Nina jambo moja la pembeni. Homoni ya pili waliyopewa wanawake wale wa Marekani ni medroksiprojesteroni, ambayo ndiyo iliyomo katika Depo, ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Ni mama wangapi wa mtaa huu wameidungwa kwa miaka bila ya kuuliza swali? Kipimo ni tofauti na lengo ni tofauti, kwa hiyo usalama wa moja hauwezi kuthibitishwa kwa nyingine. Nataka tu kuonyesha kwamba hatujawa taifa linaloziogopa homoni. Twaziogopa pale zinapokuwa kwa ajili ya nafuu ya mama aliyemaliza kuzaa.

Sasa niseme yangu. Nilipokuwa na umri wa miaka 43 nilifanyiwa upasuaji kwa sababu ya uvimbe katika mji wa uzazi. Mji ukatolewa, na ovari zikatolewa pamoja nao. Nilipotoka hospitalini niliambiwa nisibebe mtungi kwa majuma sita. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimeingia ukomohedhi siku ile ile, pale mezani, nikiwa nimelala. Kwa miaka miwili nilidhani nimerogwa, au nimekuwa mvivu, au yote mawili. Nilimfokea mwanangu kwa kuvunja kikombe, kisha nikaketi jikoni nikalia kwa sababu ya kikombe hicho hicho. Daktari mmoja wa Thika ndiye aliyesoma faili langu ukurasa kwa ukurasa, akauliza, "Mama, kwa nini hukupewa estrojeni?" Sikuwa na jibu.

Kwa mtu wa hali yangu hesabu ni nyingine kabisa. Asiye na mji wa uzazi hana haja ya homoni ya pili. Katika sehemu ya uchunguzi ule iliyowahusu wanawake 10,739 wa namna yangu, estrojeni peke yake haikuongeza saratani ya matiti. Iliongeza kiharusi kwa watu 12 katika 10,000 kwa mwaka, nayo ikasitishwa mwaka 2004. Na anayepoteza ovari mapema huhatarisha mifupa na moyo wake asipotumia kitu, ndiyo maana hushauriwa, isipokuwa ana kizuizi, kutumia homoni angalau hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Nilianza kutumia kibandiko nikiwa na miaka 45. Chemisti wa hapa hakuwa nacho. Nilikifuata Thika, na mara nyingine Nairobi, na miezi mingine fedha zilipokosekana sikukifuata popote. Usingizi ulirudi katika majuma matatu.

Kwa kuwa dawa ilinifaa, nilitaka sana mwenzangu naye aitumie. Nilidhani hesabu zetu zingemwelekeza huko. Mama yake alivunjika nyonga akiwa na miaka 78, akiteremka katika shamba la kahawa, na hakuinuka tena. Lakini shangazi yake alikufa kwa saratani ya titi, na ni yeye aliyemuuguza. Daktari alimweleza kwamba shangazi mmoja si kizuizi. Alikwenda akapigwa picha ya matiti, ikatoka safi. Alikaa na ile karatasi ya alama kwa mwezi mzima.

Kisha akakataa. Alisema kwamba anajua wanane ni wachache, na kwamba laiti angekuwa hajamwosha shangazi yake kidonda kile, pengine angekubali. Mafukuto yalikuwa yameanza kupungua, usiku alilala saa tano, na mifupa angeipigania kwa kutembea, kwa maziwa na kwa kupimwa. Iwapo mambo yangezidi, alikuwa bado na miaka kadhaa ya kubadili nia. Nilifungua kinywa nimpinge, nikakosa la kusema, maana hakuna tarakimu aliyokuwa ameikosea. Barua ya kustaafu aliichana mbele yangu.

Lilibaki somo la saa nane mchana, la vipindi viwili, katika darasa la mabati. Naibu wa mwalimu mkuu, kijana tuliyemfundisha wenyewe, ndiye anayepanga ratiba. Mwenzangu alimwendea wakati wa chai, walimu wote wakiwamo, akamwomba alihamishe somo hilo hadi asubuhi. Kijana akauliza sababu.

"Nimo katika ukomohedhi," akasema, kwa sauti ile ile aitumiayo kutangaza alama za mtihani, "na saa nane mwili wangu huwaka moto."

Mtu mmoja alikohoa. Kijana akainamisha macho kwenye ratiba, akaikagua kwa kidole, akauliza kama Jumanne saa mbili ingefaa.

"Itafaa," akamjibu.

Akachukua kifutio, akafuta, akaandika.