Programu ya Mstari Mmoja

Ndugu mwanafunzi, wengi hudhani programu ya kompyuta lazima iwe ndefu. Sivyo. Katika mfumo wa Unix, toleo la 7 la mwaka 1979, amri iitwayo true ilikuwa faili tupu, bila hata herufi moja. Kazi yake ni kujibu "sawa" tu. Kompyuta ililisoma, haikukuta kosa, ikajibu sawa.

Nawe jaribu. Kwenye kompyuta yenye Linux, andika majina ya darasa lako katika faili majina.txt, kila jina na mstari wake. Katika folda hiyohiyo tengeneza faili liitwalo hesabu, uandike:

grep -c . "$1"

Yaani: tafuta mistari yenye herufi yoyote, uihesabu. Alama $1 ni faili utakalolitaja. Kisha kwenye dirisha la amri andika:

sh hesabu majina.txt

Utapata idadi ya wanafunzi, na mistari mitupu haihesabiwi. Kesho utahesabu darasa jingine kwa mstari uleule.

Lakini tahadhari: jina likiandikwa mara mbili, litahesabiwa mara mbili. Kompyuta huhesabu tu. Uaminifu wa daftari ni amana ya aliyeandika. Wabillahi tawfiq.