Si mtaro, ni safu: Maneno ya nyumba zinazogawana ukuta

Juma lililopita, kijana mmoja jirani yangu hapa Kona ya Musa alinijia na karatasi mkononi. Ni mwanafunzi wa chuo, na alikuwa ametakiwa kutafsiri maelezo kuhusu nyumba za kale za Uingereza. "Mwalimu, hebu niangalizie," akaniambia. Kichwa cha tafsiri kilisema: "Mtaro wa Kihistoria wa Kijojia."

Nilicheka, kisha nikajuta kucheka. Kijana alikuwa ameshika maana ya kwanza aliyoikuta ya neno "terrace": mtaro, kama ule wa shambani wa kuzuia mmomonyoko. Na "Georgian" kweli yaweza kuhusu nchi ya Georgia. Lakini hapa zinazotajwa ni enzi za wafalme wanne mfululizo walioitwa George, waliotawala Uingereza kati ya 1714 na 1830. Nao "mtaro" wenyewe ni nyumba nyingi zilizojengwa kwa safu moja, kila mbili zikigawana ukuta.

Mfano mashuhuri ni Royal Crescent mjini Bath: nyumba 30 zilizopindwa kama mwezi mwandamo, zilizosanifiwa na John Wood mdogo na kujengwa kati ya 1767 na 1774. Ukizitazama kwa mbele utadhani ni kasri moja, nguzo na madirisha yakifuatana sawia. Zunguka nyuma sasa! Kila mnunuzi alijijengea atakavyo: huyu paa la juu, yule la chini. Urembo ulikuwa wa kuonyesha barabara.

Je, sisi hatuna cha kulinganisha? Tunacho. Katika Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimo nyumba za mawe za karne hiyohiyo ya 18 zilizobanana vivyo hivyo. Ila huko mambo yamegeuzwa: nje ukuta mtupu, urembo wote umefichwa ndani.

Tena hilo "ndani" si kielezi tu. Katika nyumba hizo, *ndani* ni jina la chumba, kile cha faragha ya familia. Mgeni hupokewa *daka*, kibarazani penye viti vya mawe mlangoni. Akiruhusiwa kupita atafika *kiwanda*, yaani ua ulio wazi juu. Usije ukadhani ni mahali pa mashine. Kisha huja *msana wa tini* na *msana wa yuu*, kumbi mbili ndefu zinazofuatana. (Kiamu husema *tini* na *yuu* pale tusemapo chini na juu.) Kumbi hizo ni nyembamba, aghalabu zisizozidi mita tatu hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Huko ndani kabisa ukutani mna *zidaka*, vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa vya kuwekea vyombo vya thamani. Angalia mofolojia: *daka* kubwa liko mlangoni, *kidaka* kidogo kiko ukutani. Na ukiona chumba kimevuka juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili, hicho ni *wikio*. Jamaa hupita humo pasipo kukanyaga njia.

Maneno haya hayaishi kwenye kamusi pekee. Yanaishi maadamu nyumba zipo na watu wanazikaa. Ukuta ukibomolewa kupisha ghorofa la saruji, *wikio* litabaki bila kitu cha kulishikilia, na mjukuu atalazimika kuliazima kwa Kiingereza, kisha alitafsiri "daraja la nyumba".

Kijana aliniuliza: "Sasa niandike nini?" Nikamwambia aandike "safu ya nyumba za mjini za enzi za wafalme George", na ukuta unaogawanywa auite "ukuta wa shirika", kama tusemavyo mali ya shirika. Akatabasamu. "Kumbe ni kama ploti yetu, Mwalimu? Jirani akikohoa, mimi ndiye silali."

Naam, ni kama ploti yenu, ingawa yao ina nguzo. Angeanza kwa kuutazama ukuta wake mwenyewe, mtaro usingemjia hata kidogo.