Daftari za Newport

Newport haikuwa na zao la kujivunia. Kisiwa chake, katika koloni la Rhode Island, kilifuga kondoo na farasi na kutoa jibini nzuri, lakini tumbaku ilikuwa ya Virginia na sukari ilikuwa ya Barbados. Walichokuwa nacho wenyeji ni bandari yenye kina na ujasiri wa kuuza vya wenzao. Walipeleka samaki wa chumvi, mbao na farasi visiwa vya Karibea, wakarudi na molasi. Walileta mvinyo wa Madeira, nguo za Uingereza, chai iliyolipiwa ushuru na nyingine nyingi isiyolipiwa. Sensa ya 1774 iliukuta mji una watu zaidi ya 9,000, na katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ni miji michache tu iliyouzidi.

Biashara yote hiyo ilikwenda karibu bila fedha taslimu. Fundi viatu alimpelekea mfanyabiashara jozi kadhaa, zikaandikwa kwenye daftari. Wiki iliyofuata mkewe akaja kuchukua sukari na uzi, navyo vikaandikwa, upande wa pili. Mwaka ukapita, pengine miwili, bila mtu kumdai mwenzake. Siku ya kufunga hesabu wawili hao walikaa pamoja, wakajumlisha, wakakubaliana nani anamdai nani, wakatia sahihi, kisha wakaanza ukurasa mpya. Kumdai mtu kabla ya wakati ilikuwa kama kumtangaza sokoni kwamba haaminiki. Noti za koloni zilikuwepo tangu 1710, ila zilichapishwa kwa wingi hata zikapoteza thamani. Sarafu zilizokuwa zikipita mikononi zilikuwa reale za Kihispania, dhahabu ya Kireno, na za mbali zaidi. Thomas Tew, nahodha wa Rhode Island aliyegeuka haramia, aliteka jahazi lenye mali katika Bahari ya Shamu, akapitia Madagaska, na mwaka 1694 akarejea Newport na kupokewa kama mtu wa heshima. Mwaka 2014, kwenye shamba huko Middletown, mji jirani, ilichimbuliwa sarafu ya fedha iliyopigwa Yemen mwaka 1693. Bahari yetu ya Hindi, kwa hiyo, ilikuwa imeshafika mifukoni mwa watu wa kule.

Palipo na mkopo, swali ni nani wa kumwamini. Barua ilichukua wiki nyingi kufika London au Jamaica, na hakimu wa huko hakuwa na haja na mdai wa Newport. Jibu lao likawa undugu na dini. Mfanyabiashara alimweka mpwa wake Karibea, shemeji yake London, na binti akamwozesha kwa mshirika wake. Mfano ni mfanyabiashara Aaron Lopez, aliyetoroka Ureno mwaka 1752, ambako Wayahudi waliishi kwa kujifanya Wakristo. Alipofika Newport aliliacha jina la Duarte, akarudia dini ya wazee wake, na yeye na mkewe wakafunga ndoa upya kwa sheria ya Kiyahudi. Mkewe alipofariki alimwoa binti wa Jacob Rodriguez Rivera, mwenye kiwanda cha mishumaa ya mafuta ya kichwa cha nyangumi. Tangu hapo, ukimkopesha mmoja umewakopesha wote wawili. Mwaka 1761 wenye viwanda vya mishumaa, Wayahudi na Wakristo, waliketi pamoja wakapanga bei ya kununulia mafuta ili wasiumizane.

Marafiki nao (Quaker), dhehebu lile lile lililofika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, walikuwa na nguvu Newport. Hawakuapa hata mahakamani, kwa kuwa neno la Rafiki lilipaswa kutosha lenyewe. Aliyefilisika kwa uzembe aliitwa mbele ya mkutano wao kujieleza, na angeweza kutengwa. Ni adhabu kali kuliko jela, maana aliyetengwa na mkutano amekosa pia wa kumkopesha. Wabaptisti, Waanglikana na Wayahudi walisali mitaa michache kutoka kwao, na sinagogi iliyozinduliwa mwaka 1763 ingalipo. Lakini uvumilivu huo ulikuwa na mpaka. Lopez, tajiri kuliko wengi, alinyimwa uraia na Rhode Island mwaka 1762, akalazimika kwenda kuuomba Massachusetts.

Wanaume walipokuwa baharini, daftari zilibaki mikononi mwa wake zao. Hao ndio waliofuatilia madeni, waliopokea shehena, waliomjibu wakala wa London. Sheria ilimhesabu mke kuwa chini ya mumewe, lakini gatini hakuna aliyesubiri sheria. Mjane alikuwa huru zaidi. Ann Franklin aliachiwa mtambo wa kuchapia na marehemu mumewe mwaka 1735, mwaka uliofuata akawa mchapishaji rasmi wa koloni, na uzeeni akahariri gazeti la Newport Mercury.

Fedha ilipopatikana ilionekana sebuleni. Familia za Townsend na Goddard, Marafiki waliooana wao kwa wao, zilichonga makabati na madawati ya mahogani yenye nakshi za kombe. Wapenda unyenyekevu wa mavazi hao hawakuwa na unyenyekevu wowote kwenye mbao: dawati moja la kwao liliuzwa mnadani mwaka 1989 kwa dola milioni 12.1.

Mahogani hiyo, na mengi mengine, ililipiwa kwa ramu. Viwanda zaidi ya 20 viligeuza molasi kuwa ramu kali, nayo ikapakiwa kwenda Afrika Magharibi. Katikati ya karne ya 18 mwanamume mmoja alinunuliwa pwani ya Ghana ya leo kwa galoni zaidi ya 100. Meli za Rhode Island zilifunga safari zaidi ya 900 za namna hiyo, zikabeba Waafrika zaidi ya 100,000. Nahodha alilipwa sehemu ya ujira wake kwa watu: idadi fulani ya mateka ilikuwa haki yake binafsi ya kuuza. Marafiki, Wayahudi, Waanglikana, kila kundi lilikuwa na wenye hisa humo, na Marafiki walikataza umiliki wa watumwa kabisa mwaka 1773 tu. Koloni lilitoza pauni 3 kwa kila Mwafrika aliyeingizwa, na mwaka 1715 sehemu ya kodi hiyo ikatengwa kutandaza mawe barabara za Newport. Ninaposoma sifa za uhuru wa dini wa mji huu, hesabu hiyo hunijia kwanza.

Walioandikwa kwenye daftari kama mali walikuwa na desturi zao. Wengi walibaki na majina ya siku walizozaliwa: Cuffe ni Kofi, mtoto wa Ijumaa, kama Juma wetu. Kila Juni walichagua gavana wao wenyewe, kwa maandamano, ngoma na farasi na panga za kuazimwa kwa mabwana, na aliyechaguliwa aliamua kesi ndogo ndogo baina yao. Pompe Stevens, mtumwa katika karakana ya wachonga mawe ya kaburi, alimchongea jiwe ndugu yake Cuffe Gibbs, aliyefariki Desemba 1768, akaandika humo kwamba yeye Pompe ndiye aliyelichonga. Fundi mtumwa kutia jina lake kwenye kazi halikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1780 Waafrika wa mji waliunda chama cha kusaidiana na kuzikana, nao wakawa na daftari zao za michango.

Kufikia wakati huo mji ulikuwa umevunjika. Jeshi la Uingereza liliingia Desemba 1776, likakaa karibu miaka mitatu, na askari wakabomoa mamia ya nyumba za mbao kwa ajili ya kuni. Lopez alikimbilia Massachusetts. Mwaka 1782, akiwa njiani kurudi, alizama bwawani na kufa, huku akiacha madeni ambayo warithi walihangaika nayo. Biashara ilihamia mji wa Providence, na kaskazini zaidi ikashamiri katika mji wa Salem, ambao wafanyabiashara wake baadaye walileta Unguja kitambaa cha merikani. Newport ikabaki maskini kwa vizazi, na kwa kuwa hapakuwa na mwenye fedha za kubomoa na kujenga upya, mamia ya nyumba zilizoponea vitani zimesimama hadi leo.