Foto ya Kasumbalesa: Jina Liko Wapi?

Kama mulipita Kasumbalesa, munajua kama muji ule haulali mapema. Kamiyo zinajipanga kwenye barabara: zingine zinapeleka shaba na kobalti upande wa Zambia, zingine zinaingia na vyakula. Katikati yao wanapita watu wa kinga, mifuko ya unga imefungwa kwa kamba, mumoja anashika usukani na mwingine anasukuma nyuma. Bukari tunayokula Lubumbashi ao Likasi, mara nyingi unga wake ulipita pale.

Lakini foto za watu hawa ziko wapi? Wakubwa wanapokuja kufungua kitu, aparei zinajaa. Mwenye kusukuma kinga, hapana.

Sababu iko. Mbele ya duwane na waaskari, kupiga foto bila ruhusa kunaleta matata. Aparei inaweza kubakia kwao. Na mama wa unga mwenyewe, akiona aparei, anavuta kitambaa anafunika uso. Anajiuliza: foto hii itaenda wapi? Wenye kulipisha kodi wataiona? Kuna mutu ataiuzisha? Ana haki kabisa. Kijana mwenye kuiba uso wa mutu toka mbali, halafu anajiita fundi, mimi siwezi kumusifu.

Fundi wa kweli anaacha mulango wa mupaka, anaenda sokoni ao kule wabebaji wanapumzikia. Anasalimia, anauliza, anangojea. Wakikataa, anaweka aparei ndani ya mufuko. Wakikubali, anarudia siku ingine na foto ya karatasi mukononi, anawapa. Kurudisha foto, wengi wanasahau.

Sisi familia za mine tunajua hasara ya foto bila jina. Union Minière, iliyoanza katika 1906, iliacha foto nyingi za kazi. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi katika 1978, alikamata foto za wakati wa wakoloni, akatia watu wale wa zamani ndani ya foto mupya za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Kazi ile ya 2006 inaitwa Mémoire. Ni yeye pia, pamoja na wenzake, walianzisha Rencontres Picha kule Lubumbashi katika 2008. Ukiangalia wababu wale wamesimama katikati ya vyuma vya kutu, unaweza kuwa unaangalia babu yako mwenyewe na usimujue. Nani aliandika jina lake? Walihesabu kazi yake, basi.

Leo vijana wengi wana simu yenye kupiga foto. Kama mama wa Kasumbalesa amekubali, andikeni jina lake, tarehe na pahali ndani ya kaye ya nyumbani. Msilitupe jina kwenye simu za watu wote, lisimuletee shida mupakani. Na bei ya mufuko muiandike pia, kwa kwacha na kwa franka. Wajukuu watauliza.